Kutibu Uraibu wa Unga na Pombe Dar es Salaam: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Familia

Familia nyingi za Dar es Salaam hufika hospitalini zikiwa zimekwisha kuchoka. Hazikuchelewa kwa kukosa mapenzi na mgonjwa wao. Akiba na nguvu ziliishia kwenye mambo yasiyotibu: kumfungia chumbani, kumhamishia kijijini kwa bibi, kumlipia madeni ya kijiweni, kumwapisha mbele ya wazee. Mwongozo huu unaeleza njia iliyopo sasa jijini tangu siku ya kwanza ya kuomba msaada, na umeandikwa kwa hoja moja ambayo msomaji ataikuta kila hatua: siku za arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi uliochokizoea, ndizo zinazoogopwa kuliko zote, lakini zinazoamua ni miezi inayofuata, kwa hiyo fedha, muda na ndugu wa kusaidia vipangwe kwa ajili ya mwaka mzima badala ya kumalizwa katika wiki moja ya kusafisha mwili.

Hatua ya 1: Fahamu anatumia nini, kwa njia gani, na alitumia lini mara ya mwisho

Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayoonyesha mlango wa kuingilia. Unga, yaani heroini, ndio uliosababisha kujengwa kwa sehemu kubwa ya huduma za uraibu jijini, kwa kuwa mwambao wetu umo katika njia ya bahari inayoanzia pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistani, ambako shehena hupakiwa kwenye majahazi. Mtumiaji anaweza kuwa anauvuta kwa kuuchanganya na bangi katika kokteli, au anajidunga. Anayejidunga kwa sindano za kuazimana yumo katika hatari kubwa ya kupata VVU na homa ya ini aina ya B na C, na hilo daktari atapaswa kulijua mapema. Wengine hutumia vidonge vya valiamu (dawa ya kutuliza) au tramadoli (dawa ya maumivu), na wengi, tusidanganyane, huchanganya zaidi ya kimoja, pombe ikiwamo.

Muulize akiwa hajalewa na hana arosto, asubuhi ikiwezekana, na muulizaji awe mtu mmoja anayemwamini, si kikao cha ukoo. Andika anachokujibu. Kwa pombe kuna dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 10, linalojulikana kwa jina la AUDIT, ambalo mhudumu wa afya anaweza kulijaza naye kwa dakika chache: alama 8 na kuendelea huashiria unywaji wenye madhara, na 20 na kuendelea humfanya mtaalamu achunguze kama amekwisha kuwa mraibu. Kwa ujumla madaktari hutazama mambo matatu: kama ameshindwa kudhibiti matumizi, kama matumizi yametangulia mbele ya kazi, watoto na afya, na kama mwili umezoea kiasi cha kudai zaidi au kuugua anapokosa. Mawili kati ya hayo, yakijirudia au yakidumu, yanatosha kuuita ugonjwa.

Hatua ya 2: Usimwachishe kwa nguvu kabla ya kujua arosto ipi inaweza kumuua

Hapa ndipo penye makosa makubwa kuliko pengine pote, kwa sababu watu hudhani arosto ya unga ndiyo ya hatari na kuacha pombe ni suala la nia tu. Mambo yako kinyume.

Arosto ya unga huanza takriban saa 8 hadi 24 baada ya matumizi ya mwisho. Mgonjwa hupiga miayo, macho na pua hutiririka, mifupa huuma, tumbo husokota, hutapika na kuharisha, hapati usingizi. Hali huwa mbaya zaidi kati ya siku ya 2 na ya 3, kisha hupungua ndani ya wiki moja au siku 10. Ni mateso, lakini kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine mara chache huua yenyewe, iwapo atanyweshwa maji ya kutosha na chumvi chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Hatari yake kubwa huja baadaye. Mwili uliokaa siku 10 bila unga hauwezi tena kuhimili kiasi kile cha zamani, na aliyefungiwa chumbani akitoka na kutumia kete (vipakiti vya unga) alizozoea anaweza kuacha kupumua. Vifo vingi vya namna hii hutokea baada ya kutoka mahabusu, gerezani, kijijini au kwenye nyumba ya kusafishwa.

Pombe ni jambo jingine kabisa. Mtu anayekunywa kila siku kwa miaka, iwe bia, pombe kali au gongo, akikatishwa ghafla anaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Anaweza kupata degedege katika siku 2 za kwanza. Na kati ya siku ya 2 na ya 4 wachache hupandwa na hali ya kuweweseka, kuona mauzauza, homa na mapigo ya moyo kwenda mbio, ambayo isipotibiwa huweza kuua. Familia hudhani amerogwa au amepandisha mashetani, na wakati huo saa zinakwenda. Anayekunywa asubuhi ili mikono itulie, aliyewahi kupata degedege alipoacha, mzee, au mwenye ugonjwa wa ini asiache pombe nyumbani. Apelekwe hospitali akiwa bado anakunywa kidogo, apewe dawa za kutuliza kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 ambayo hulinda ubongo na ambayo hutakiwa kutangulia dripu ya glukosi. Tahadhari hiyo hiyo inamhusu aliyezoea valiamu kwa muda mrefu, maana nayo ikikatwa ghafla huleta degedege.

Mjamzito anayetumia unga asikatishwe ghafla, kwa sababu arosto inaweza kusababisha mimba kutoka au uchungu kuanza kabla ya wakati. Tiba inayoshauriwa kwake ni methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga, chini ya uangalizi wa kliniki. Mtoto akizaliwa anaweza kuonyesha dalili za arosto, nazo hutibika, na kwa kawaida mama huruhusiwa kunyonyesha.

Hatua ya 3: Pita kwenye mlango sahihi

Kwa anayetumia unga, mlango wa kwanza wa kuufikiria ni kliniki ya methadoni katika hospitali ya umma. Muhimbili ilianza huduma hii Februari 2011, ikiwa miongoni mwa za kwanza barani kusini mwa Sahara, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Zanzibar ikapata yake Kidongo Chekundu. Baadaye huduma ilifika mikoa mingine, ikiwamo Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Dawa hutolewa bila malipo. Asiyejua aanzie wapi anaweza kupiga namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, akauliza huduma ya tiba iliyo karibu. Watu huiogopa namba hiyo wakidhani ni ya kukamatisha tu.

Mara nyingi mgonjwa huletwa kliniki na asasi za kijamii ambazo waelimishaji rika wake, wengi wao waliowahi kutumia, huzunguka maskani na vijiweni. Huhudhuria nao vikao kadhaa vya maandalizi, kisha hupokelewa na kuchunguzwa: kipimo cha mkojo kuthibitisha matumizi ya unga, VVU, homa ya ini, kifua kikuu, na afya ya akili. Hatua hizi huonekana kama mizunguko isiyo na maana kwa mzazi aliyekwisha kumshawishi mwanawe kwa shida, lakini kumpa methadoni mtu asiyezoea unga ni kuhatarisha maisha yake, na uchunguzi ndio unaozuia hilo. Mzazi afanye lililo katika uwezo wake: ampeleke kila kikao, amhakikishie nauli, na asimtangazie mtaa mzima.

Kwa pombe, hakuna mtandao wa kliniki unaolingana na huo. Mlango ni idara ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa au Muhimbili, na kwa mwenye dalili za hatari zilizotajwa juu, ni chumba cha dharura cha hospitali yoyote iliyo karibu.

Hatua ya 4: Elewa methadoni inafanya nini, kisha panga maisha kuizunguka

Swali linalorudiwa na kila familia ni kama methadoni si kubadilisha ulevi kwa ulevi mwingine. Linastahili jibu la kweli. Methadoni ni dawa ya jamii moja na heroini, na anayeinywa kila siku mwili wake huizoea. Tofauti ni kwamba unga hufanya kazi saa chache, ukimrusha mtu juu na kumwangusha katika arosto mara kadhaa kwa siku, na kila anguko humtuma kutafuta pesa ya kete nyingine. Methadoni hunywewa mara moja, huingia polepole na hudumu kiasi cha siku nzima, kwa hiyo aliyepata dozi inayomfaa halewi wala haugui, anaweza kufanya kazi, kulala, kula na kulea watoto. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Ndugu wanaomsukuma mgonjwa aiache baada ya miezi miwili kwa kuona aibu wanamrudisha kijiweni, na mimi sioni namna ya kulisema hili kwa upole zaidi.

Dozi ya mwanzo huwa ndogo, kwa kawaida miligramu 15 hadi 30, kisha hupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Wiki 2 za kwanza ndizo za hatari zaidi, kwa sababu dawa hujilimbikiza mwilini kabla mgonjwa hajaona nafuu kamili, naye huweza kuongezea unga, pombe au valiamu juu yake. Mchanganyiko huo husimamisha pumzi. Familia imchunguze usiku: anayekoroma kwa sauti isiyo ya kawaida na haamki akitikiswa si mtu aliyelala vizuri.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Dawa hunywewa kliniki, mbele ya muuguzi, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kwa mtu anayeishi Mbagala, Bunju au Gongo la Mboto hiyo ni safari ya kila asubuhi, pengine kwa daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na kwa asiye na kipato nauli ndiyo huvunja tiba mapema kuliko tamaa ya unga. Kabla ya kuanza, familia ikae ipige hesabu ya nauli ya miezi 6 na iamue nani atachangia nini. Anayeweza kuhamia kwa shangazi anayekaa karibu na kliniki ahamie. Pesa ipelekwe kwa siku, au asindikizwe na mtu, hasa mwanzoni, kwa sababu kumkabidhi nauli ya mwezi mzima aliyeanza tiba juzi ni kumjaribu bure. Kazi itafutwe inayoruhusu kuchelewa kuingia. Aliyetulia kwa muda mrefu, na vipimo vyake vya mkojo vikiwa safi, huweza kufikiriwa kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani kwa utaratibu wa kliniki. Dozi hizo zifungiwe mbali na watoto, kwa kuwa kiasi kidogo tu huweza kumuua mtoto.

Yapo mambo mengine ambayo wauguzi hawatayajua msipowaambia. Anayetibiwa kifua kikuu kwa dawa zenye rifampisini atapata arosto hata kama hajakosa dozi, kwa sababu dawa hiyo huharakisha kuvunjwa kwa methadoni mwilini. Atadhani amepunjwa kwenye dirisha la dawa, kumbe anahitaji dozi kuongezwa. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU, kama efavirenzi, hufanya vivyo hivyo. Mwezi wa Ramadhani, anayetaka kufunga azungumze na kliniki kabla mwezi haujaandama kuhusu saa za kunywa dawa, na amuulize shehe wake kuhusu ruhusa ya mgonjwa, badala ya kuacha dozi kimya kimya. Msiba ukitokea mkoani, aombe barua ya kuhamishiwa kwa muda kama mkoa huo una kliniki. Kama hauna, aeleze mapema aone litakalowezekana. Akikosa siku 3 mfululizo au zaidi, asishangae dozi ikipunguzwa na kupandishwa upya, maana mwili wake umeanza kuisahau dawa. Akikamatwa na polisi, ndugu waiarifu kliniki siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kagua soba hausi kabla ya kulipa

Soba hausi ni nyumba ambazo wagonjwa huishi pamoja kwa miezi kadhaa, mara nyingi 3 hadi 6 au zaidi, wakifuata ratiba ya kazi, vikao na hatua 12 za kujinasua za kundi la walevi lililoanzia huko Akron, Marekani, mwaka 1935. Zanzibar na Dar es Salaam zimekuwa nazo kwa zaidi ya muongo mmoja, na nyingi huendeshwa na watu waliopona wenyewe. Nguvu yao ni kwamba mgonjwa hawezi kuwadanganya: wanajua kila ujanja kwa sababu waliufanya. Udhaifu wa baadhi yao ni kudhani kwamba uzoefu unatosha bila daktari.

Nenda ukaione nyumba yenyewe, usikubali kuelezwa kwa simu. Uliza kama imesajiliwa, na omba kuona cheti. Uliza ni daktari au muuguzi gani huwaona wagonjwa katika siku za arosto, na anayeacha pombe hupelekwa wapi akipata degedege. Uliza kama mwenye VVU, kifua kikuu au ugonjwa wa akili huendelea na dawa zake humo ndani. Zungumza na wakazi bila msimamizi kuwapo. Ukiona minyororo, ukisikia habari za viboko, au ukiambiwa mgonjwa haruhusiwi kuonana na ndugu hadi malipo yote yaishe, ondoka. Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja la kutaka vituo vya kuwafungia waraibu kwa lazima vifungwe, kwa kuwa havitibu na vinavunja haki za watu.

Kuhusu gharama, nyumba hizi hulipiwa kila mwezi, na hapo ndipo hoja yangu ya mwanzo inaporudi. Familia inayouza kiwanja ili kulipia miezi 3, kisha ikampokea mgonjwa nyumbani bila kazi, bila mnasihi na bila kikundi cha kuhudhuria, imenunua mapumziko. Ni afadhali kugawa fedha hiyo: sehemu ya nyumba, sehemu ya nauli na mtaji mdogo baadaye.

Hatua ya 6: Kwa pombe, endeleza tiba baada ya mwili kutulia

Siku 7 au 10 za hospitali huondoa tetemeko tu. Baada ya hapo kuna dawa zinazosaidia kupunguza hamu, kama naltreksoni na akamprosati, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2023. Muulize daktari wa afya ya akili kama zinapatikana na kama zinamfaa. Naltreksoni kwa mfano haifai kwa anayetumia unga au methadoni, kwani itamtia katika arosto kali. Disulfiramu, inayomfanya mnywaji augue vibaya akigusa pombe, isitiwe kwenye chakula chake kwa siri kamwe, jambo ambalo baadhi ya wake hushauriwa wafanye. Inaweza kumuua.

Vikundi vya kujisaidia vya walioacha pombe hukutana bure jijini, na mnasihi wa hospitali ataelekeza kilicho karibu. Nyumbani, pombe iondolewe kwa kila mtu, si kwake tu. Na kwenye harusi na vipaimara apangiwe mtu wa kukaa naye meza moja na kuondoka naye mapema.

Hatua ya 7: Andaa mpango wa siku atakayoteleza

Wengi huteleza. Iandikwe mapema, naye akiwapo, nani atapigiwa simu, atalala wapi usiku huo, na atarudi kliniki asubuhi ipi. Aliyeteleza akifukuzwa nyumbani usiku hana pengine pa kwenda isipokuwa maskani.

Kila mtu katika nyumba ajue dalili za kuzidiwa na unga au methadoni: haamki, anapumua kwa mwachano mrefu au anakoroma, midomo na kucha zimebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo sana. Msimnyweshe maziwa, msimmwagie maji, msimtembeze. Mwiteni kwa sauti na kumsugua kifua kwa ngumi. Kama haamki na hapumui vizuri, mmoja ampulizie pumzi mdomoni huku mwingine akitafuta gari. Akiwa anapumua, mlazeni ubavu. Hospitali ina dawa iitwayo naloksoni inayoamsha pumzi ndani ya dakika chache, lakini hudumu saa moja au zaidi kidogo, ilhali methadoni hudumu siku nzima. Kwa hiyo aliyeamka asiruhusiwe kuondoka mara moja, hata akisema amepona. Semeni wazi kwa daktari alichotumia.

Hatua ya 8: Kuacha methadoni, iwapo na wakati wake ukifika

Hakuna tarehe ya lazima. Wapo wanaokaa miaka mingi kwenye dawa wakiwa na kazi na familia, na hao wamefanikiwa. Anayetaka kuacha azungumze na kliniki baada ya kutulia kwa muda mrefu, akiwa na makazi, kipato na marafiki wasiotumia, na kupunguza kufanywe kidogo kidogo kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka. Arosto au hamu ikianza kurudi, dozi husimamishwa pale ilipofikia au hurudishwa juu, na jaribio jingine hupangwa baadaye pamoja na daktari. Anayeona aibu kurejea dirishani baada ya kuacha aambiwe mapema kwamba jalada lake lipo na anaruhusiwa kurudi, na kwamba asiguse unga kwa kiasi cha zamani akiwa njiani.